CHAKI MLANGONI: ALAMA TUNAZOZISOMA KWA WATOTO WETU

  Kama umekaa chini ya mti na redio yako huko Balambala, au unachemsha chai hapa mjini Garissa, au uko Masalani, Modogashe, Dadaab, Wajir au Mandera, sogea karibu tuzungumze. Na wewe unayesoma mazungumzo haya katika kijitabu, tafadhali msomee pia jirani yako asiyejua kusoma.

Leo tutazungumza juu ya alama. Binadamu hupenda kusoma alama. Tunaona kitu cha kawaida, tunajiuliza, "Hiki kina maana gani? Kuna nini nyuma yake?" Mara nyingine jibu letu humwokoa mtoto. Mara nyingine humchelewesha mpaka anafika hospitalini akiwa hoi. Kwa hiyo ni vizuri tujue kutofautisha.

Tuanze na chaki. Timu ya chanjo ya polio ikimaliza kazi nyumbani kwako, huandika kwa chaki mlangoni, kwenye geti au ukutani. Halafu humpaka mtoto wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Timu ikishaondoka, maneno huanza. "Kwa nini wameandika mlango wangu? Mshale huu unaelekea wapi? Hizi nambari ni hesabu ya nini? Kwa nini kidole cha kushoto?" Mpaka jioni, bulla nzima imepata maana yake: wengine wanasema nyumba zinahesabiwa kwa ajili ya serikali, wengine wanasema watoto wametiwa alama.

Mama, nikusomee maandishi hayo. Kuna nambari ya timu, ili msimamizi ajue nani alipita hapa. Kuna tarehe. Kuna idadi ya watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi hapo na idadi ya waliopata matone. Mshale unaonyesha timu ilielekea nyumba gani baada ya yako. Basi. Na wino wa kidoleni ni ili mtoto akikutwa sokoni au kisimani, mtu ajue tayari amepata. Wino huisha wenyewe baada ya siku kadhaa. Kama mtoto mmoja alikuwa amelala au ameenda na mbuzi, chaki hiyo ndiyo itakayoirudisha timu kwako.

KWA NINI TUNAONA MAANA KILA MAHALI

Usifikiri kwamba wanaosema maneno hayo ni wajinga. Akili ya kila mtu imeumbwa hivyo. Ukitazama mawingu unaona ngamia amepiga magoti. Usiku ukipita kichakani, kisiki kinageuka fisi. Mwaka 1976 chombo cha Marekani kinachoitwa Viking 1 kilipiga picha ya sayari ya Mirihi, na watu ulimwenguni kote wakaona humo uso wa mtu akiwatazama kutoka juu. Wengine waliandika vitabu juu ya uso huo. Picha safi zaidi zilizopigwa baadaye, hadi mwaka 2001, zilionyesha kilima cha mawe na vumbi tu. Vivuli vilikuwa vimekaa mahali pa macho na mdomo.

Hata mtoto mchanga wa siku chache hugeuza macho yake kufuata kitu chenye umbo la uso kuliko kitu kingine. Ni neema hiyo, maana ndivyo anavyomjua mama yake. Akili inayotafuta uso na maana ndiyo inayotulinda. Mtu wa kale aliyesikia majani yakitikisika akadhani ni simba, kisha akakimbia bure, hakupoteza kitu. Aliyedhani ni upepo, na kumbe ni simba, hakurudi nyumbani. Kwa hiyo sisi sote ni wazao wa watu waliokuwa wepesi kuona maana.

Shida ni kwamba akili hiyo hiyo huunganisha mambo mawili kwa sababu tu yamefuatana. Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Marekani, B. F. Skinner, aliwaweka njiwa wenye njaa ndani ya vizimba. Mashine iliwapa chakula kila baada ya sekunde chache, wafanye wasifanye kitu. Katika njiwa 8, njiwa 6 walishika desturi zao. Mmoja alikuwa akizunguka, mwingine akisukuma kichwa kwenye pembe ya kizimba, kila mmoja kama kwamba kitendo chake ndicho kilicholeta chakula. Chakula kilikuwa kinakuja vyovyote vile. Lakini njiwa alikuwa anazunguka kilipokuja, basi akaendelea kuzunguka.

Sasa, mama, tufikirie nyumbani. Mtoto ana mafua. Siku ya nne unampaka mafuta fulani. Siku ya tano amepona. Je, ni mafuta? Mafua mengi huisha yenyewe karibu na siku hizo. Mafuta ya kujipaka hayakuleta madhara. Lakini kama badala ya mafuta tumemchoma mtoto kwa chuma cha moto, au tumemkata, hapo tumemuumiza kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa unaondoka wenyewe. Na kama ugonjwa haukuwa wa kuondoka wenyewe, tumempotezea siku.

WAZEE WALIOSOMA ALAMA VIZURI

Kabla hatujaendelea, nataka tuwape haki wazee wetu wafugaji. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa ilinyesha huku kwetu. Maji yalituama kila mahali. Mbu walikuwa wengi kuliko walivyowahi kuonekana kwa miaka. Kisha kondoo na mbuzi wakaanza kuharibu mimba, na wengine wakatokwa damu puani. Wafugaji Wasomali wana jina la ugonjwa huo, sandik, yaani pua yenye damu. Waliufahamu kutokana na mvua kubwa ya mwaka 1997 na 1998. Wataalamu waliokuja baadaye kuwahoji waliandika kwamba wafugaji waliziona dalili hizo na kuzielewa kabla mitambo ya serikali haijatoa habari.

Ulikuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Kati ya tarehe 30 Novemba 2006 na tarehe 12 Machi 2007, watu 684 waliripotiwa kuugua Kenya, na 155 kati yao walikufa. Garissa na Ijara zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi.

Kwa nini wazee hao walisoma sawasawa? Kwa sababu alama zao zilikuwa zimepimwa. Waliziona mwaka 1997, wakaziona tena 2006. Mvua ya kawaida bila mbu wengi haikuleta sandik. Mvua kubwa pamoja na mbu na mimba kuharibika kwa wingi, ndipo ugonjwa ulipokuja. Yaani waliona alama ilipokuwepo na ilipokosekana. Hiyo ndiyo njia nataka tuitumie kwa watoto wetu.

Ukiona alama kwa mtoto, jiulize maswali 3.

La kwanza: Je, alama hii inaonekana pia kwa mtoto mzima asiyeumwa?

La pili: Je, ugonjwa huu unampata pia mtoto asiye na alama hii?

La tatu: Je, nikiifuata alama hii na nikawa nimekosea, mtoto wangu atapatwa na nini?

MENO NA KUHARISHA

Tujaribu maswali hayo kwa jambo ambalo linatuulia watoto. Mtoto wa miezi 6 anaharisha na ana joto. Nyanya anamfungua mdomo na kuona ufizi umevimba, una weupe, upande wa chonge. Anasema, "Ni meno. Meno mabaya." Wengine Kenya huyaita meno ya plastiki. Huku kwetu wengine husema ilko dacowo. Anaitwa mtu wa kuyang'oa, kwa kisu, msumari au waya wa baiskeli.

Swali la kwanza: Je, mtoto mzima ana weupe huo? Ndiyo, mama. Chukua watoto 5 wa umri huo wanaocheza vizuri, wafungue midomo. Utaona ufizi uliovimba pale chonge linapokaa. Ni jino la kawaida la utotoni ambalo bado halijatoka. Ukilitafuta kwa mtoto mgonjwa utalipata, kwa sababu lipo kwa kila mtoto. Sisi hatuwafungui midomo wazima, tunawafungua wagonjwa tu. Ndiyo maana tunadhani alama ni ya wagonjwa.

Swali la pili: Je, mtoto asiyeota meno huharisha? Ndiyo. Mtoto wa mwezi mmoja huharisha, na wa miaka 4 huharisha. Basi kwa nini kuharisha na meno hukutana katika miezi 6? Kwa sababu katika umri huo mambo mengi hufika pamoja. Mtoto anaanza uji na maziwa ya kikombe. Anaanza kutambaa, na kila anachookota kinaingia mdomoni. Ile kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Meno nayo yanatoka wakati huo huo. Meno yamepita tu njiani pamoja na ugonjwa, kama watu wawili waliopanda basi moja kutoka Nairobi bila kujuana.

Swali la tatu: Nikikosea itakuwaje? Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Ukingoja meno yaishe, anaweza kukauka na kufa katika siku moja au mbili. Ukimng'oa, unaongeza damu, kidonda, viini vinavyoingia kwenye damu, hata pepopunda. Na jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika.

Kwa hiyo mtoto akiharisha, usisome ufizi. Soma macho yake kama yameingia ndani. Soma utosi kama umebonyea. Bana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili halafu achia: ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Mwanzishie ORS mara moja, mnyonyeshe zaidi, kisha mpeleke kwenye zahanati apewe pia zinki, ambayo atamaliza siku zote atakazoambiwa hata kama kuharisha kumekoma.

MAJINA YENYE MAANA NDANI YAKE

Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe imehifadhi alama za zamani. Sikiliza neno pepopunda. Ndani yake mna pepo. Mtoto wa siku chache aliyezaliwa vizuri, akanyonya vizuri, halafu siku ya 3 au ya 7 taya zinakaza, hawezi kunyonya, mwili unakakamaa kila akiguswa. Watu wa kale walimwona mtoto huyo wakasema kuna kiumbe kimemkamata. Mimi siwalaumu, kwa maana inatisha sana kuona. Lakini leo tunajua ni viini vya kwenye udongo na mavi ya wanyama, vilivyoingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kitu kisicho safi.

Kinga yake anapewa mama. Sindano ya pepopunda anayochomwa mama mjamzito hutengeneza kinga ambayo humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Hii ndiyo sababu wanawake wa umri wa kuzaa ndio walioitwa katika kampeni za mwaka 2013 na 2014, wa miaka 14 hadi 49. Wakati ule wengi waliuliza, "Mbona wanawake tu? Mbona umri huo tu?" Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai hadharani kwamba chanjo hiyo ilikuwa na kitu cha kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF walikanusha. Mama, jibu la "mbona wanawake tu" liko kwa mtoto mchanga. Yeye hawezi kuchanjwa akiwa tumboni, kwa hiyo kinga hupitia kwa mama. Ilipofika mwaka 2019, Kenya ilikuwa imethibitishwa kwamba pepopunda ya wachanga si tatizo kubwa tena la afya ya umma. Na wanawake wa Kenya wanaendelea kuzaa, kama wewe na mimi tunavyojionea pale kliniki.

Neno lingine ni degedege. Katika sehemu za Pwani na Tanzania wengi waliamini kwamba linaletwa na ndege au pepo anayepita juu ya mtoto. Huku kwetu wapo wanaosema ni jini. Mimi ni muuguzi, sikuja kubishana juu ya jini, na dua ni haki ya kila mzazi. Ninachokuomba ni kwamba dua isomwe huku gari likitafutwa. Mfugaji humwomba Mungu amlindie ngamia wake usiku, na bado humfunga kamba. Degedege laweza kutokana na joto kali, malaria, au homa ya uti wa mgongo, na mbili hizo za mwisho zinaua upesi. Mtoto akianza kutetemeka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe kitu anywe, usimfukize moshi. Mpeleke hospitali hata kama ameacha kutetemeka.

NENO LA KANO NA MTOTO WA DADAAB

Sasa turudi kwenye polio, nikueleze jinsi maana tunayoibuni inavyoweza kusafiri.

Mwaka 2003, katika jimbo la Kano huko kaskazini mwa Nigeria, lilienea neno kwamba matone ya polio yamewekwa dawa ya kuwafanya watoto wasizae. Chanjo ikasimamishwa kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 2004 viongozi wa Kano walikubali kuendelea, wakitumia chanjo iliyotoka Indonesia, nchi ya Waislamu, baada ya kuridhika kwamba ni salama. Lakini katika muda ule, virusi vilikuwa vimetoka. Vilipita nchi moja hadi nyingine, vikafika Sudan, vikavuka hadi Yemen, na mwaka 2005 vikaingia Somalia. Mwaka 2006 vilifika kwetu, katika kambi za Dadaab. Kenya ilikuwa haijapata polio tangu mwaka 1984. Mtoto aliyepooza Dadaab hakujua Kano ni wapi. Wala waliolianzisha neno lile hawakumjua yeye.

Mwaka 2013 polio ilirudi. Mtoto wa kwanza kugunduliwa Kenya alikuwa msichana wa miezi 4 huko Dadaab. Mwaka huo watu 14 walipooza nchini mwetu, na Somalia walikuwa 194.

Mama anaweza kuniuliza, na ni swali la haki: "Dada muuguzi, tukija hospitali na homa tunaambiwa dawa hakuna, tukanunue dukani. Lakini dawa hii ya polio inaletwa na gari mpaka mlangoni, bure, tena na tena. Kuna nini?" Nakujibu. Polio haina dawa ya kutibu, ina kinga tu. Na ndiyo iliyojificha kweli. Katika watoto karibu 200 wanaoambukizwa, ni mmoja tu anayepooza. Wengine wote wanacheza, wanakula, na virusi viko kwenye choo chao. Kwa hiyo tukiona mtoto mmoja amepooza, virusi vimeshapita kwa mamia. Havijui mpaka wa Liboi wala wa Mandera. Ndiyo maana nchi nyingi zinalipia kazi hii pamoja tangu mwaka 1988, na ndiyo maana timu hurudi mara nyingi mpaka kila mtoto awe na kinga ya kutosha. Kukosekana kwa dawa hospitalini ni shida ya kweli na tuidai kwa wakubwa wetu. Lakini tusimwadhibu mtoto kwa shida hiyo.

Tena sitasema kwamba kila shaka ni upuuzi. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio cha kupeleleza nyumba moja huko Abbottabad, Pakistan. Lilikuwa jambo baya, liliwaletea hatari wachanjaji wasio na hatia, na mwaka 2014 serikali ya Marekani iliahidi kutorudia. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Uliza, lakini ngoja jibu. Muulize anayechanja jina lake na kituo chake. Muulize mhudumu wa afya wa bulla yako ambaye unamjua na watoto wake pia wanachanjwa. Mahujaji wetu huchomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kwenda Makka, kwa amri ya Saudi Arabia yenyewe. Chanjo si jambo geni kwetu.

Na kwa sababu ninataka uniamini, nakuambia na hili. Matone ya polio yana virusi vilivyodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo dhaifu vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu, vikabadilika na kupata nguvu ya kupooza. Virusi vya namna hiyo viligunduliwa hapa Garissa mwaka 2023, na Agosti mwaka huo kampeni ilifanywa Garissa, Nairobi, Kiambu na Kajiado kwa chanjo mpya ambayo ni ngumu zaidi kubadilika. Dawa ya tatizo hilo ni watoto wengi zaidi kuchanjwa. Palipo na watoto wote wenye kinga, virusi havipati pa kuzunguka.

ALAMA ZINAZOSEMA KWELI

Mama, sikukatazi kusoma alama. Nataka usome zile ambazo zimepimwa. Hizi hapa, zishike kichwani.

Kwenye chupa ndogo ya matone ya polio kuna mviringo, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko mviringo, chanjo ni nzima. Mraba ukiwa na rangi sawa na mviringo au mweusi zaidi, chanjo imepata joto, haitakiwi kutumika. Muombe mchanjaji akuonyeshe. Ni haki yako, na mchanjaji mzuri atafurahi.

Kwenye utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kijani ni salama, manjano ni hatari imekaribia, nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Usiseme "ametupiwa jicho" ukakaa nyumbani. Msomee dua na umlete.

Kwenye kifua, mvue nguo akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi miaka 5 akifika 40, anapumua haraka mno. Kama mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

Mtoto yeyote asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, ni wa hospitali leo hii. Mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye joto, au mwenye baridi isiyo ya kawaida, au aliyeacha kunyonya, naye ni wa leo hii.

Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla, toa habari haraka kwa kituo cha afya au kwa mhudumu wa bulla. Choo chake kitachukuliwa mara mbili kupimwa, na kinafaa kichukuliwe kabla ya siku 14 kupita.

Jaribu alama hizi kwa maswali yetu 3. Mtoto mzima hapumui hivyo akiwa ametulia. Mtoto mzima haachi kunyonya. Na ukikosea, umelipa nauli na kupoteza nusu siku, lakini unarudi na mtoto wako nyumbani.

KAZI YA WIKI HII

Wiki hii nakupa kazi mbili ndogo. Ya kwanza, fungua kijitabu cha afya ya mama na mtoto uangalie kama mtoto wako amepata polio wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14, pamoja na ile ya sindano katika wiki ya 14. Kama kuna nafasi tupu, hujachelewa kuja. Ya pili, hesabu pumzi za mtoto wako sasa akiwa mzima, amelala. Ukijua anavyopumua akiwa mzima, siku atakapoumwa utatambua tofauti kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na timu ikija tena, ikaandika kwa chaki mlangoni pako, wasomee jirani zako maandishi hayo: timu, tarehe, watoto wangapi, mshale kwa nyumba inayofuata. Sasa unajua kuyasoma.